Chumvi Kwenye Uwanja Namba Tatu

Jumatatu, 27 Mei 1929
Mashindano ya tenisi yameanza. Mkuu wetu, Bwana Tisserand, ametangaza mbele ya watunza viwanja wote: uwanja utakaokuwa bora hadi Ijumaa, mtunzaji wake ndiye atakayemwagilia uwanja mkuu kabla ya fainali. Peke yake! Paris nzima ikimtazama! Nitakuwa mimi. Nimeshamwandikia mama mkwe kule Rouen kwamba nimechaguliwa. Anakuja kwa treni Jumapili. Miaka kumi na moja ananiambia bora binti yake angeolewa na mwokaji mikate.

Jumanne, 28 Mei
Kikwazo ni kimoja tu: Firmin. Yeye anatunza namba tatu, mimi namba nne. Ananiita mchunga ng'ombe kwa sababu nilianzia kazi kwenye viwanja vya nyasi, si vya udongo wa matofali kama hivi. Leo kaniuliza mbele ya watu kama ng'ombe wangu wameshiba. Wamecheka wote. Na mimi nimecheka, kwa hekima. Roho inaniuma hadi sasa.

Jumatano, 29 Mei
Nimepata dawa yake. Marehemu baba aliua magugu kwa chumvi. Pale alipomwaga hapakuota kitu miaka mitatu. Chumvi ni sumu ya ardhi. Saa ya chakula, wenzangu wote wakiwa mezani, nimemwaga gunia zima namba tatu, nikapitisha ufagio, nikanyunyiza maji. Nimekosa mlo wa mchana kwa mara ya kwanza tangu vita viishe. Na ilikuwa sungura kwa haradali!

Alhamisi, 30 Mei
Jua kali ajabu. Uwanja wangu umepasuka. Vumbi la matofali limemwingia Mwingereza mmoja machoni, mechi imesimama mara nne. Namba tatu bado mbichi, mwekundu, haurushi hata chembe. Sumu inachelewa. Subira huvuta heri.

Ijumaa, 31 Mei
Tisserand ametuita sote namba tatu. Kapiga goti, kachota udongo, kauonja kwa ulimi. Kauliza kwa sauti nzito: nani katia chumvi hapa? Firmin kaapa hajui lolote. Bahati haibishi hodi mara mbili! Nikajitokeza. Nikasema ni Firmin, nimemwona kwa macho yangu mawili, naapa kwa kaburi la baba.

Tisserand akambusu Firmin mashavu yote mawili. Akatueleza kwamba chumvi ndiyo inayoshika maji ndani ya udongo huu, na kwamba hajawahi kuona mtu mwenye akili hiyo halafu mnyenyekevu hadi anakana. Mimi akanishukuru kwa kusema kweli. Nalala mapema.

Jumapili, 2 Juni
Firmin kamwagilia. Watu wamepiga makofi. Mimi nilikuwa chini ya jukwaa, nafungua bomba. Mama mkwe kaniuliza yule ni nani. Nikamwambia ni msaidizi wangu. Kasema basi msaidizi ana mabega mazuri, na akauliza kama ameoa. Nikamkumbusha kwamba binti yake bado ni mke wangu. Kasema anajua.

Mwezi ujao kuna mashindano ya wakongwe. Nimemwahidi kwamba siku hiyo nitashika mpira wa maji mwenyewe, nimeshachaguliwa. Kisha nimekaa nikatafakari kosa langu kwa uaminifu. Chumvi imemfaa Firmin. Kwa hiyo kitakachomwangamiza ni kinyume chake. Kesho, saa ya chakula, nampelekea sukari.