Siku Dreni Yangu Iliponipandisha Mama Mkwe Mgongoni

Leo nimeaibika, tena mbele ya mama mkwe. Ngojeni niwaambie, halafu mnihurumie.

Nyumba yetu hapa Bukavu imeegemea mlima. Mvua ikinyesha, chumba cha wageni kinalowa kutokea sakafuni. Safari iliyopita mama mkwe alirudi kwake Katana na begi bichi, akaenda kusimulia kwamba binti yake ameolewa kwenye kinamasi. Iliniuma! Aliposema anakuja tena, nikachimba dreni mwenyewe nyuma ya ukuta: mtaro, bomba lenye matundu, kokoto, kitambaa, udongo juu. Maji ya bati nayo nikayaelekeza humohumo. (Fundi alitaka kuja. Nikamwambia apumzike.)

Leo mchana mama mkwe amefika, amekula, akaenda kujinyoosha chumba cha wageni. Wingu likafunga juu ya ziwa. Mimi nikafurahi! Nikamwita jirani yangu, Papa Espoir, aje ashuhudie. Tukakaa barazani, mvua ikamwagika.

"Sikia," nikamwambia. "Maji yote iko nashuka chini, hausikie hata sauti."

"Njo vile, ingénieur!" akaitikia, akinivika uhandisi.

Mara kandambili moja ikatoka sebuleni ikielea. Ikafuata ya pili. Papa Espoir akainua miguu.

"Mukwe!" Sauti kutoka chumbani. "Maji iko natafuta kitanda!"

Nikakimbia. Mama mkwe amesimama juu ya kitanda, begi kichwani.

"Siwezi shuka. Goti yangu iko mugonjwa."

Mke wangu alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Na kwetu, jamani, mama mkwe humgusi! Mimi hata kiti alichokalia sikikalii. Nikamgeuzia mgongo, nikachuchumaa, nikafumba macho (sijui nilidhani yatasaidia nini).

"Mama, pardon. Panda ku mugongo."

Akapanda. Si mwepesi. Nikatokea barazani nayumbayumba, Papa Espoir anapiga makofi, na nani anaingia getini na mwavuli? Mke wangu.

"Papa Asifiwe!" akaniita kwa jina la mtoto wetu. "Mama yangu iko nafanya nini pale yulu ya mugongo?"

Ndipo nikakumbuka. Jana niliziba mdomo wa bomba kule chini kwa mfuko wa saruji, vyura wasije wakaingia na kumtisha mama mkwe. Nikasahau kuuzibua! Maji yote ya bati yalikosa pa kutokea, yakapenya kwenye matundu hadi chini ya ukuta. Nikashuka mvuani, nikachomoa ule mfuko. Maji yakaniruka usoni. Lakini chumbani yakaanza kupungua, na tukapiga deki sote.

Baadaye mke wangu akamuuliza mama yake kama kesho anarudi Katana.

"Niko nabakia," akasema. "Dreni ya mukwe, sijue. Lakini mugongo yake iko nguvu."

Tangu nimwoe binti yake, hiyo ndiyo sifa ya kwanza kunipa. Mwenye kucheka, afunge mlango kwanza.