Fundi Sindano na Jicho la Mama

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeua! Kwenye vichekesho vyetu vya runinga mimi ndiye Mzee Ngangari, dume la mbegu, mpangaji mwenye sauti kuliko wote. Leonardi anaigiza Fundi Sindano, mwanaume anayetarizi vitambaa vya meza. Tatizo watu wanamcheka yeye kuliko mimi. Anatia uzi kwenye tundu la sindano tu, watu hoi! Haki iko wapi?

Basi leo nikammaliza. Nikaongeza maneno yangu: kwamba huyu si mwanaume, ni shoga, atafutiwe bwana amuoe. Wapiga picha walicheka mpaka kamera ikatikisika. Frida, anayetuongoza, hakucheka. Wivu huo. Leonardi akaniambia polepole kwamba maneno yale hatukukubaliana. Nikamjibu kipaji hakiombi ruhusa.

Alhamisi, 6 Juni

Kipindi kimerushwa. Nimekitazama na mama hapa nyumbani, mtaa wa Kasingirima. Yaani mimi nimetazama, yeye amesikiliza. Mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili, lakini kipindi changu hakosi. Nikangoja acheke. Wapi!

Akaniuliza kama Thobias, mdogo wangu aliyeko Mwanza, naye hukitazama. Nikasema kwa kujidai, nchi nzima inatazama, mama! Ijumaa ijayo anapasuliwa jicho la kwanza, na ana ombi moja tu: bandeji ikitolewa, Thobias awe amesimama mbele yake. Miaka mingi hajakanyaga hapa. Nimeahidi kumleta. Mimi Martini nikiahidi, hesabu limekwisha.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda sokoni Ujiji kupokea sifa. Balaa! Bi Shadia, muuza mawese, kanipokea mbele za watu: karibu, shoga! Nikaruka. Nani, mimi? Akashangaa kweli, au alijifanya. Akasema kwao Ujiji shoga ni mwenzako wa kupeana siri na mboga, na wote pale wamefurahi kuona Mzee Ngangari amempenda sana Fundi Sindano hata anamtakia ndoa. Nikajaribu kueleza. Nikazidi kuharibu. Wamenisindikiza kwa vigelegele na "shoga, shoga" mpaka barabarani. Mwenye bodaboda naye kaniita shoga!

Nikiwa bado natoka jasho, ukaingia ujumbe wa Thobias. Kaka, nimekuona kwenye runinga. Siji. Basi! Nimemuuliza kama mabasi yamejaa. Hajajibu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemweleza mama. Kalia. Mimi nikiona mama analia, sina ujanja.

Akanikalisha, akanishika mkono. Akasema Thobias yuko vilevile ninavyomsema Fundi Sindano. Akasema yeye amejua tangu Thobias akiwa kijana, na kila nikifungua mdomo kwenye ile runinga ninampiga ndugu yangu mawe. Akasema yeye alimzaa, hakumwagiza dukani.

Kumbe Thobias ni fundi cherehani! Miaka yote tunaambiwa yuko bandarini! Na mimi kaka yake, tumbo moja, suruali zote zinanibana, hakuniambia! Ndiyo maana kanuna: nimewatukana mafundi wote. Nikamwambia mama nimeelewa kabisa, wala haidhuru, kila mtu na riziki yake. Akanikumbatia kwa nguvu. Sikumbuki lini alinikumbatia hivyo.

Jumatatu, 10 Juni

Mpango wangu: kuomba radhi hadharani. Sikumwambia mtu. Kamera zilipowaka, Mzee Ngangari akaingia chumbani kwa Fundi Sindano, akavua kofia. Nikasema nilimtukana mtu kwa jinsi alivyo, na hakuna aliyejichagulia alivyo, mkono wa namna ile mtu huzaliwa nao. Nikasema anayetaka kumcheka aanze na mimi. Nikasema kuna mama anangoja kumwona mwanawe, na kiti chake nyumbani kipo, hakijakaliwa na mwingine. Nikamalizia kwamba shoga ni rafiki, na anayebisha akamuulize Bi Shadia.

Leonardi akalia machozi ya kweli. Frida naye. Hata mimi, kwa sababu nilikalia sindano.

Alhamisi, 13 Juni

Kimerushwa, na Thobias kapiga simu papo hapo! Akauliza kama maneno yale yalitoka moyoni. Nikamwambia ndiyo, yote, na aje na vifaa vyake. Akauliza vifaa gani. Nikamwambia asione haya, mama ameshanieleza kila kitu. Akacheka, halafu nikasikia anapenga kamasi. Amekubali kuja! Ameomba aje na Inamahoro, jamaa anayeishi naye. Nikasema amlete tu, mafundi wawili si bora kuliko mmoja? Akacheka tena mpaka akapaliwa.

Jumamosi, 15 Juni

Bandeji imetolewa. Thobias alikuwa pale, mbele kabisa. Mama akamshika mashavu kwa mikono miwili, mwana wanje, mwana wanje, yaani mwanangu, halafu akamwambia amekonda. Kisha akamwangalia Inamahoro juu mpaka chini, akamwita mwana wanje na yeye. Tukalia wote. Nesi akafoka kwamba jicho halitaki machozi. Nani alimsikiliza?

Nyumbani Inamahoro akatupikia samaki wetu wa ziwani, migebuka, kwa mawese, nimelamba mpaka kiganja. Baadaye akakaa nyuma ya mama akamsuka nywele, mistari imenyooka kama reli. Thobias akawa anamshikia kitana, wanatazamana na kutabasamu. Undugu wa mafundi huo, safi sana!

Nikaona ndio wakati wa kuwasomea niliyoandika kwa wiki ijayo. Mafundi cherehani nimeapa sitawagusa tena, nimejifunza. Sasa Mzee Ngangari anamvaa mwanaume msusi! Nimemsema kila kitu: vidole vyake laini, mwendo wake, na kwamba atafutiwe bwana. Hakuna aliyecheka. Inamahoro akaacha kusuka. Ndipo Thobias akanieleza kwamba mwenzake ana saluni Mwanza. Jamani! Si wangesema mapema?

Nikabadilisha mazungumzo. Nikawaletea suruali zangu zinazobana, wanipanulie kiunoni. Thobias akaniuliza fundi ni nani hapa. Nikamkonyeza kumjulisha kwamba siri yake iko salama kwangu. Hapo ndipo walipocheka, wote wawili, mpaka wakashikana.

Mama peke yake hakucheka. Amesema madaktari walikosea mtu, wa kupasuliwa jicho nilikuwa mimi. Sijui kwa nini. Nimetoka kibarazani sasa hivi nikayajaribu macho yangu. Mazima kabisa. Naona mpaka milima ya Kongo.