Ubongo Wangu Bangoni

Jumatatu, Machi 4

Habari njema! Profesa ametangaza kwamba mwezi ujao kituo chetu kitapeleka bango kubwa kwenye kongamano la madaktari wa ubongo. Katikati ya bango itawekwa picha moja tu ya ubongo mzima, usio na hitilafu, ili wageni waulinganishe na wa wagonjwa wetu wa kiharusi. Mwenye ubongo huo atasafiri na Profesa na kusimama kando ya picha yake. Ndege, hoteli, vyote juu ya kituo.

Nani mwingine kama si mimi?

Nieleze kidogo, maana wajukuu watakaosoma shajara hii watataka kujua babu yao alikuwa bingwa wa nini. Mashine yetu ya MRI haipigi picha kama kamera ya harusini. Inafuatilia maji. Ubongo umejaa maji, nayo hutembea kwa kufuata nyuzi za fahamu. Kompyuta ikimaliza hesabu zake, nyuzi hizo hujitokeza kwa rangi: nyekundu, kijani, buluu. Penye ugonjwa maji hutawanyika ovyo, au husimama kabisa. Jicho la kawaida halioni hayo. Mimi naona. Yaani, Profesa ndiye anayeona, mimi naingiza namba za waliopimwa kwenye kompyuta. Lakini nikisimama nyuma yake naona pia.

Mpinzani yupo, bila shaka. Ni mwenzangu anayeendesha mashine. Namwita Malaika kwa sababu hachelewi, hakosei, wala hamsemi mtu vibaya. Mtu wa namna hiyo ni hatari. Profesa ameshamwambia mbele yangu kwamba lazima ana ubongo mzuri sana. Mimi hakuniambia kitu. Alisahau.

Jioni nikatangaza mezani kwamba kesho napimwa. Mke wangu akanipongeza. Mama mkwe, aliyekuja kwetu mwaka jana kukaa wiki moja na hajaondoka, akauliza kama mashine hiyo inaweza kupiga picha ya kitu kisichokuwepo.

Jumanne, Machi 5

Siku mbaya. Sitaki kuizungumzia.

Haya, naizungumzia. Ndani ya mashine hutakiwi kusogea hata kidogo. Inapima mwendo wa maji mdogo kuliko upana wa unywele. Ukitikisa kichwa, inadhani ubongo mzima umetoroka. Nalijua hilo. Huwa nawahubiria wagonjwa kila siku, tena kwa ukali.

Kwanza, kelele. Ni kama fundi anayetoboa ukuta wa bafu nawe umo bafuni. Pili, pua ikaanza kuwasha. Nikavumilia kishujaa, kisha nikajikuna. Tatu, nikaanza kuifikiria hotuba yangu ya kongamanoni, na pale waliponipigia makofi nikainamisha kichwa kushukuru. Malaika akaniomba kwa kipaza sauti nitulie. Nikamjibu kwamba nimetulia. Akasema kujibu nako ni kusogea. Nikamuuliza kwa nini basi ananisemesha.

Picha ikatoka kama mayai ya kuvuruga. Malaika akasema kwa upole kwamba huenda mashine imechoka. Huruma! Hivyo ndivyo wanavyokumaliza watu hawa. Akaongeza kwamba hata yeye angeweza kupimwa Alhamisi, kama hatapatikana mwingine. Nikacheka naye huku moyoni nawaka moto.

Jumatano, Machi 6

Mimi ni mtu wa akili, hata kama ushahidi wa picha umegoma.

Asubuhi mama mkwe alipewa chai isiyo na sukari. Hakusema neno. Hakupepesa hata jicho. Alikaa vilevile, mikono mapajani, akiutazama ukuta, mpaka mke wangu alipokimbilia sukari. Nikapigwa na wazo! Mwanamke huyu anaweza kukaa jioni nzima bila kutikisika hata kidogo. Nyumbani kwetu huo ndio mtindo wake wa kupiga kelele.

Nikamvika kilemba cha ukoka. Nikamwambia wanasayansi wanatafuta ubongo wa mtu mwenye busara. Akanijibu kwamba amekuwa akijiuliza watakuja lini.

Kwenye ngazi za kituo alijikwaa. Nikataka kumshika, akanisukuma. Akasema mkono wa kushoto una ganzi tangu Jumapili, na mguu nao mzito kidogo, yote hayo kwa sababu ya godoro letu. Godoro nililolinunua mimi! Limemkosea nini? Iliniuma.

Alilala mashineni kimya kabisa, mpaka Malaika akamwita kuhakikisha yu hai. Na ile picha! Nyuzi zimenyooka, rangi zimekolea. Nilikaribia kutokwa na machozi. Malaika alipomsindikiza mlangoni, nikabadilisha namba zetu. Ubongo wake ukawa wangu, mayai yangu yakawa yake. Picha mbovu hutupwa, na hakuna anayeuliza. Kosa liko wapi? Mali ya familia ni mali ya familia.

Malaika aliporudi akashangaa picha yangu ilivyotulia. Nikamwambia kompyuta za siku hizi zinarekebisha mengi. Akasema sawa, kwa ile sauti yake.

Alhamisi, Machi 7

Profesa amekuja kwangu mbio. Profesa, mtu asiyekimbia hata mvua! Nikaandaa uso wa unyenyekevu. Akanishika bega, akaniambia niketi, nitabasamu, ninyooshe mikono yote miwili. Nikatabasamu kwa moyo wote. Nilidhani tunafanya mazoezi ya kusimama kando ya bango.

Kumbe! Akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta doa jeupe, dogo kama punje ya mchele, upande wa kulia. Hapo maji yamesimama, hayaendi popote. Akasema ni kiharusi kidogo, kibichi, cha siku chache tu. Vipimo vingine visingekiona mapema hivi. Mara nyingi kidogo hukitangulia kikubwa, kwa hiyo dawa zianze leoleo. Akauliza kama mkono wa kushoto unakufa ganzi.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Naapa niliufungua. Lakini Profesa akawahi kusema kwamba miaka yote ya kazi hajapata mfano mzuri kama huu. Doa dhahiri, nyuzi safi pembeni, na mgonjwa hakutikisika! Picha hii ndiyo itakayokaa bangoni. Na mwenyewe, Mungu akimjalia uhai, atasafiri.

Nikasema ndiyo, una ganzi kidogo.

Sasa nimo wodini, kitanda cha dirishani. Malaika ameniletea machungwa huku analia. Mke wangu naye analia. Nesi ananiita mpenzi. Chakula hakina chumvi, lakini heshima ni tele. Najua dawa hizi si zangu. Lakini doa lenyewe ni dogo, na mama mkwe ni mtu mzima mwenye nguvu zake. Nitamwambia nikirudi kutoka kongamanoni.

Ijumaa, Machi 8

Wamekuja kunitazama. Mama mkwe alibeba chupa ya chai, akanimiminia mwenyewe. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kunimiminia hata maji. Kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto, kikaanza kuinama, polepole, chai ikamwagika juu ya shuka na paja langu. Nilipiga yowe. Yeye hakuwa na habari. Kisha akautazama mkono ule kama mkono wa mtu mwingine, akasema siku hizi haumsikii.

Halafu akaniambia, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, nijitahidi nipone, maana nikiondoka mimi atagombana na nani?

Niliogopa. Si uoga wa kufumaniwa, huo nimeuzoea. Niliogopa kwamba mama huyu ataanguka hapo hapo mbele ya binti yake, huku mimi nimelalia kitanda chake na kumeza dawa zake.

Kwa hiyo nikafanya jambo la kiungwana: nikatafuta njia ya kumwokoa bila kujitaja. Nikamwita nesi, nikamwambia ugonjwa wangu ni wa ukoo, ndugu wote wapimwe, waanze na mkubwa. Nesi akauliza mama mkwe wangu na mimi tunachangia damu gani. Nikasema tunachangia birika. Akanipima homa. Nikamwomba mama mkwe ajaribu kitanda, aone godoro la maana lilivyo. Akasema adabu imenitoka pamoja na afya. Mwisho nikatumbukiza kidonge changu kwenye chai yake. Akaniona! Akasimama, akatangazia wodi nzima kwamba mkwe wake anamwekea sumu, na kwamba alimwonya binti yake tangu siku ya posa.

Watu wakajaa. Mke wangu akaniuliza ni kweli? Hapo uzalendo ukanishinda. Nikapaza sauti kwamba doa ni la mama, picha ni ya mama, kidonge ni cha mama, na mimi ni buheri wa afya!

Hata mzee mmoja wa kitanda cha tatu aliacha kukohoa.

Profesa akaagiza picha iletwe, akaigeuza ubavu, uso ukaonekana. Akaitazama pua ile. Akamtazama mama mkwe. Akasema alikuwa akijiuliza kuhusu hiyo pua. Basi mama mkwe akalazwa kwenye kitanda changu, nami nikatolewa nje na gauni la wodi, lile lililo wazi nyuma. Machungwa yalibaki naye.

Jumamosi, Machi 9

Sina hamu ya kula. Profesa amesema dawa zimewahi, lakini chupuchupu. Amesema na mengine kunihusu mimi, ambayo siandiki kwa sababu ya wajukuu.

Mke wangu haniongeleshi. Ameketi, mikono mapajani, anautazama ukuta. Kumbe tabia hii ni ya kurithi.

Jumatatu, Aprili 15

Mama mkwe amepona! Mkono unamtii. Ameujaribu kwenye sikio langu, na nguvu zimerudi zote. Picha mpya inaonyesha doa limefifia na nyuzi za jirani ziko salama. Nilifurahi mpaka nikaenda kujificha bafuni nifute macho.

Kongamanoni alikwenda yeye, na Malaika kama msaidizi wake. Alisimama kando ya bango siku nzima bila kutikisika, hata daktari mmoja akamgusa kuona kama ni sanamu. Amerudi na nakala ya bango, ameitundika sebuleni juu ya televisheni. Kila mgeni anaelezwa ubongo wa nyumba hii ni wa nani.

Mimi siruhusiwi tena kugusa kompyuta. Nawavua wagonjwa mikanda, saa na funguo kabla hawajaingia mashineni. Ni kazi ya dhamana. Na nimejifunza mengi, isisemwe sikujifunza. Nisingempeleka mama mkwe kupimwa, doa lingejulikana lini? Nimemwokoa! Malaika ananikumbusha kwamba nisingebadilisha namba, angetibiwa siku moja mapema. Huyo naye siku hizi anapenda kutazama mabaya tu.

La muhimu ni hili. Profesa ameanza utafiti wa moyo. Mashine itafuatilia maji kwenye nyuzi za moyo, na picha itakayotia fora itakaa kwenye jalada la kitabu chake. Anatakiwa mtu anayeweza kutulia na kubana pumzi. Mimi nimejaribu kitandani, nikakohoa.

Lakini baba mkwe amefika jana kumwangalia mkewe. Mzee mtulivu ajabu! Analala kwenye kochi hata pumzi hazisikiki. Nimempelekea chai, sukari nimeweka mwenyewe. Nimemwambia wanasayansi wanatafuta moyo wa mtu mwenye busara. Amekubali. Amelalamika tu kwamba kifua kinambana kidogo tangu alale kwetu, eti ni godoro. Watu hawa na godoro langu!