Bakuli la Bi Mgeni na Nyumba ya Shangani

Jumatatu, 19 Novemba 2001

Semina ya siku nzima, ukumbi wa ofisi. Mada: faida za kushukuru katika maisha ya kila siku. Mwezeshaji katoka Dar es Salaam, tai ya njano, jasho mpaka kwenye soksi. Amesema mtu mwenye shukrani hulala vizuri, hasumbuliwi na kinyongo, na hupendwa na wakubwa zake kazini. Hilo la mwisho nimelipigia mstari. Mathayo wa masijala alikuwa anasinzia. Vizuri sana. Asinzie.

Niweke mambo kwa mpangilio. Ile nyumba ya serikali ya Shangani, hapa Mtwara, iko wazi. Ina baraza, bomba ndani, na upepo wa bahari usiolipiwa. Tunaoiomba ni wawili, mimi na Mathayo. Mwenye neno la mwisho ni mkuu wetu, Bwana Abdulkarimu, mtu wa Mikindani, mpole, mgumu kusomeka. Mimi napanga vyumba viwili Mtawanya, na paa linavuja juu ya kitanda chenyewe. Mke wangu Felista anafundisha Same. Atashuka kwenye meli tarehe 15 Desemba kuja kukagua. Ameandika kwamba akikuta paa linavuja, anarudi na meli ileile na uhamisho anaufuta. Felista haandiki mzaha.

Kwa hiyo, kushukuru! Mwezeshaji ameagiza tuandike kila siku mambo matatu tunayoyashukuru. Naanza. Kwanza, afya. Pili, Mathayo alisinzia. La tatu nitalifikiria.

Jumatano, 21 Novemba

Leo majirani wamefunga siku ya tano. Karibu na magharibi Bi Mgeni, mjane wa nyumba ya pili, kaniletea magimbi ya nazi kwenye bakuli la bati lenye maua. Nikamweleza kwamba mimi ni Mlutheri, sifungi. Akauliza kwani Walutheri hawana matumbo.

Nikaona hii ni nafasi ya mazoezi. Nilimshukuru kwa hotuba. Nikaanzia kwenye gimbi, nikapita kwenye nazi, nikamalizia na aliyepanda mnazi. Alisikiliza amesimama mguu mmoja, maana uji wake ulikuwa jikoni. Nilipomaliza kula nikalisugua bakuli kwa jivu na sabuni mpaka likaonyesha uso wangu. Nikalirudisha na hotuba fupi ya pili.

Ofisini nimemshukuru mkuu kwa kuniamkia, kwa kufungua dirisha, na kwa uongozi wake kwa ujumla. Mchana aliniuliza kama nina homa.

Nashukuru: magimbi. Magimbi. Mathayo hajajifunza chochote.

Ijumaa, 23 Novemba

Jana sikuletewa kitu. Leo pia. Bi Mgeni kanipita kwenye bomba akaniitikia kwa mdomo wa pembeni.

Mama Shaibu wa nyumba ya mbele ndiye aliyenifumbua macho. Mikono kiunoni. Alisema, shemeji, nyie watu wa bara mmelelewa na nani? Chombo cha jirani hakirudi kitupu! Hata chumvi, hata limau moja, hata kijiti cha kuwashia moto. Mimi nilikuwa nimerudisha bakuli tupu, tena limesuguliwa kama la hospitali. Bi Mgeni alikuwa amekaa nalo mapajani akijiuliza amenikosea nini, chumvi ilizidi au nazi ilichacha.

Nimemshukuru sana Mama Shaibu. Akasema hotuba haiivi kwenye sufuria.

Tatizo: sijui kupika. Wali wangu chini unaungua, katikati mbichi, juu moshi. Usiku nimekaa na penseli. Nimepata jibu. Ni jibu zuri mno, najishangaa.

Nashukuru: akili yangu.

Jumanne, 27 Novemba

Mfumo unafanya kazi!

Jumamosi nilimpelekea Bi Mgeni ndimu kumwomba radhi, akarudia kuleta. Mama Shaibu naye, asionekane mchoyo, akaanza kuleta. Basi, naeleza kwa kumbukumbu. Magimbi ya Bi Mgeni nayahamishia kwenye sahani ya Mama Shaibu, nayapeleka kwa Mama Shaibu. Tambi za Mama Shaibu nazihamishia kwenye bakuli la Bi Mgeni, nazipeleka kwa Bi Mgeni. Vyombo havirudi vitupu. Mimi katikati nakula theluthi, kama mtu wa usafirishaji. Kila mlango nashukuru na nashukuriwa.

Sifa zimeanza kuenea. Bi Mgeni alionja tambi akasema, mwanangu, una mkono wa kike. Mama Shaibu aliyatazama magimbi kwa muda mrefu, kisha akasema hajawahi kuona mwanaume wa Upare anakuna nazi laini namna hii. Halafu akapaliwa, akakimbilia ndani. Kikohozi cha wakati huu wa mwaka.

Habari mbaya: Mathayo kaenda Mpapura kwa shemeji yake, karudi na korosho. Kampa mkuu. Mkuu amezipokea kwa mikono miwili mbele ya watu wote! Mathayo hakuhudhuria semina ila kwa kiwiliwili, na bado anapata.

Nashukuru: kikohozi si changu.

Jumamosi, 1 Desemba

Siku kubwa. Nimepeleka futari kwa mkuu mwenyewe.

Nilipanga kubadilisha chombo kama kawaida, lakini Mama Shaibu alikuwa Mikindani msibani na sahani yake. Chombo changu pekee ni sufuria, na sufuria imeungua. Basi nikalifunga bakuli la Bi Mgeni kwenye keria ya baiskeli kama lilivyo, magimbi yake yakifuka moshi, nikaendesha taratibu mpaka Shangani. Mbwa watatu walinisindikiza.

Aliyenipokea ni mke wa mkuu, Bi Mwanahawa. Nikatoa hotuba. Katikati ya hotuba akalinyanyua bakuli juu, akalitazama chini yake. Akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza, kwa adabu. Akauliza nani kapika. Kwa unyenyekevu sikutaka kujitaja. Nilisema aliyepika yuko Mtawanya na hataki kusifiwa. Akaingia ndani upesi na kuniacha mlangoni. Nikasikia anamwita mumewe kwa sauti ya ajabu.

Nadhani nimegusa moyo. Korosho za Mathayo haziwezi kufika hapo.

Kukatisha hotuba katikati nimejifunza leo. Kunyamaza kunasaidia.

Jumatatu, 3 Desemba

Bwana Abdulkarimu kaniita. Kafunga mlango. Macho mekundu. Nikajua ni nyumba! Nikaanza kushukuru kabla hajasema. Akaniinulia mkono.

Chini ya bakuli kuna nukta tatu za rangi ya kucha, nyekundu. Sikuziona. Wanawake wa huku kila mmoja hutia alama chini ya vyombo vyake visipotee kwenye shughuli, na nukta tatu ni alama ya marehemu mama yake mkuu. Aliyerithi vyombo ni dada yake mkubwa. Dada yake ni Bi Mgeni!

Miaka sita hawajasemeshana. Sababu ni kinu. Mama yao alipofariki, mkuu alichukua kinu akakipeleka Shangani. Bi Mgeni akakidai. Siku alipokifuata akakuta wifi yake amekipandia maua. Akaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hata mwezi wa Ramadhani hakijapita chombo kati ya Mtawanya na Shangani. Na juzi, kasema mkuu, dada yangu kaniletea magimbi. Akakamata mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akasema alikuwa anaogopa mmoja wao atakufa kabla hawajapatana.

Mtu mwaminifu angesema ukweli hapo. Nilifungua mdomo. Nikasema, karibu sana, mkuu.

Bakuli limerudishwa kwangu limejaa mkate wa kumimina, nilifikishe kwa dada yake. Na hapa ndipo shida. Bi Mgeni tangu jana anaulizia bakuli lake. Nilimwambia limeloweka.

Nashukuru: hakuna kitu leo.

Jumanne, 4 Desemba

Jana sikwenda. Nilijiambia Bi Mgeni atakuwa amechoka. Mkate ukalala kwangu na sikuugusa, ila ukingo.

Leo nimekwenda. Bi Mgeni na Mama Shaibu walikuwa mkekani wanachambua mchele. Nikaweka bakuli. Bi Mgeni akafunua, akanusa, akakata kipande akakiangalia kwa ndani. Akasema huu si mkono wako. Hii iliki ni ya wifi yangu. Akaniuliza, polepole, bakuli lake lilifikaje Shangani.

Nikajaribu hotuba. Haikuja. Nikasema yote: magimbi, tambi, theluthi, nyumba, paa, Felista, meli. Nilimaliza nikiwa nimepiga magoti, sijui nilipigaje.

Mama Shaibu akaanguka kwenye mchele kwa kicheko. Akasema, shemeji, kuna mwanamke asiyeujua mkono wake mwenyewe? Siku ya kwanza tu alionja tambi zilizobaki kwa Bi Mgeni akakuta ni zake! Wakakubaliana wanyamaze, kwanza kwa sababu ni kichekesho, pili kwa sababu nilikuwa nakonda. Theluthi yenyewe waliijua. Bi Mgeni ndiye aliyekuwa anazidisha kipimo ili theluthi itoshe.

Bi Mgeni hakucheka. Alikuwa amekishika kile kipande. Akauliza ndugu yake alisema nini alipopokea. Nikamwambia lile la kufa kabla. Akajifunika uso kwa kanga. Baadaye akasema miaka sita ametafuta njia ya kupita bila kujishusha, kumbe njia ni Mpare mwongo na baiskeli yake. Akaniamuru nile. Nikala.

Nashukuru... Basi tu, nashukuru.

(Nimesoma mstari huo juu. Hauna mpangilio. Nitaurekebisha.)

Jumatano, 12 Desemba

MATHAYO! Kapewa Mathayo!

Nilikuwa nimevaa suti. Mkuu amesoma uamuzi mbele ya wote, kisha akanigeukia kwa tabasamu la undugu kabisa. Alisema dada yake, ambaye sasa wanatembeleana, alimsihi jambo moja tu: asije akanihamisha mimi, Elia, pale Mtawanya. Jirani kama huyu, alisema, haokotwi. Na yeye mkuu hawezi kumnyima dada yake ombi la kwanza baada ya miaka sita. Watu wakapiga makofi. Mathayo alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Kwa hiyo nimeshukuru mpaka nimepoteza nyumba. Mwezeshaji hakulitaja hilo.

Nimerudi nyumbani nikakuta fundi juu ya paa. Nikamwuliza katumwa na nani. Kasema na mzee wa Shangani, mabati mapya, kazi nzima, na kinu kililetwa kwenye gari hilohilo kikashushwa kwa Bi Mgeni. Kelele za nyundo zimeniumiza kichwa hadi jioni. Mvua imenyesha kubwa. Paa halikuvuja hata tone. Lakini kuna faida gani, na nyumba nimekosa?

Jumamosi, 15 Desemba

Felista kashuka melini. Akaingia ndani, akatazama juu kabla ya kunisalimu. Paa kavu. Akaweka sanduku chini. Bado nilikuwa najiandaa kueleza habari ya Shangani, Bi Mgeni akaingia na bakuli.

Felista alipolirudisha, alitia ndani maharage aliyokuja nayo kutoka Same. Hakuna aliyemfundisha. Nikamwuliza kalijuaje hilo. Kaniangalia kama mtu anayekagua paa. Kasema hata Upare chombo hakirudi kitupu, Elia, wewe ulikuwa unaishi wapi?

Anaomba uhamisho wake uharakishwe. Amewapenda majirani. Kwangu mimi hajasema neno, ila amenicheka sana na Mama Shaibu, kwa kitu kuhusu theluthi.

Jumatatu, 17 Desemba

Sikukuu. Mtawanya yote inanukia karafuu. Mkuu na Bi Mwanahawa wako kwa Bi Mgeni tangu asubuhi, na kinu kiko uani, kimeoshwa udongo wa maua. Tumeletewa vyombo mpaka meza imejaa, vingine viko kitandani, mahali hasa palipokuwa panavuja. Felista anakimbia huku na huko, hakuna kinachorudi kitupu. Amesema hajawahi kuona mume mwenye bahati kama mimi, na angefurahi kama ningelijua hilo.

Nalijua. Nimelitafakari kwa utaratibu. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilishukuru ngazi ya chini mno. Mkuu ana mkuu wake. Naye anakaa Shangani, na nimesikia mtumishi anayekaa nyumba iliyo jirani yake atahamia Songea mwakani. Nyumba ina baraza mbili.

Kwa hiyo leo. Kwanza, nashukuru kwa pilau, maana imezidi. Pili, nashukuru kwamba Felista yuko kwa Bi Mgeni na hajui kama nimeshaifunga kwenye keria. Tatu, nashukuru kwa uzoefu: safari hii sahani nimeigeuza kwanza kuangalia alama. Ina mistari miwili ya kijani.

Sijui ni ya nani. Mtwara ni kubwa.