Cherehani Yenye Thamani Sifuri

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka chuoni kifua mbele. Mwanafunzi wa uzamili wa uhasibu! Si mchezo. Mhadhiri katupa kazi: kila mtu akague mali za biashara ndogo, aandike ripoti, na Ijumaa mwenye biashara aitie sahihi. Bila sahihi, unarudia mwaka. Kimbelembele, yule wa kiti cha mbele anayetikisa kichwa hata mhadhiri akikohoa, kapata duka la dawa. Mimi nimechagua chumba cha kushonea cha mama mkwe. Tunaishi kwa wakwe, kwa hiyo nauli hakuna. Halafu mama mkwe ananipenda. Nadhani.

Jumanne, 4 Machi
Nimekagua kwa suti na tai. Mama mkwe akauliza nani kafa. Mikasi, pasi, meza, vyote nimevitia namba kwa chaki. Kisha cherehani. Kairithi kwa mama yake! Nikapiga hesabu ya uchakavu, kila mwaka nikipunguza thamani kidogo. Iliisha kabla sijazaliwa. Sifuri! Mke wangu kanionya nisithubutu kulitamka hilo mbele ya mama yake. Maskini, hajasoma uhasibu.

Jumatano, 5 Machi
Wazo limenijia bafuni, sabuni machoni. Ripoti ya Kimbelembele itashauri tu. Yangu itatenda! Mama mkwe alipokwenda kununua vifungo, mnunuzi wa vyuma chakavu akapita na mkokoteni. Mali isiyo na thamani ya nini kuikalia? Nikampa cherehani bure. Kashukuru mpaka nikaona haya.

Jioni. Mama mkwe karudi. Mungu wangu! Kumbe kuna gauni la bibi harusi limebaki mkono mmoja. Nikaanza kumweleza uchakavu. Akavua kiatu. Naandika haya nikiwa nimejifungia chooni.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kasema nisirudi bila cherehani. Nimezunguka juani mpaka miguu ikawaka moto. Mnunuzi alishampelekea mkewe, na mkewe hataki kusikia. Tumevutana weee! Mwisho ikaenda suti yangu. Koti, suruali, hata tai. Nimerudi na kaptula, cherehani kichwani. Majirani wamefurahi sana.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe kashona mkono wa gauni. Kakata uzi kwa meno, kaomba ripoti. Nikamwambia, Mama, ile sifuri naifuta. Akasema niiache, ila niongeze mali moja niliyoisahau. Nikaandika kama alivyoniamuru: mkwe mmoja, hali mbovu, thamani sifuri. Akatia sahihi huku akitabasamu. Baba mkwe alicheka mpaka akapaliwa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefaulu! Mhadhiri kaisoma ripoti yangu mbele ya darasa zima. Watu wakavunjika mbavu, yeye mwenyewe akafuta machozi. Ya Kimbelembele haikusomwa hata mstari! Mhadhiri akaongeza jambo, eti uchakavu ni hesabu ya kwenye karatasi, chombo kinachofanya kazi hakitupwi. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa napokea pongezi.

Nyumbani nimeikuta baiskeli ya baba mkwe ukutani. Kuukuu! Nimepiga hesabu palepale nikiwa nimesimama. Sifuri. Mnunuzi atapita kesho asubuhi, baba mkwe akiwa kwa kinyozi. Safari hii sitoi bure, mimi si mjinga. Nitadai suti yangu.