Mama Mkwe Hanioni

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Mkuu wa idara anatafuta naibu, na naibu ni mimi. Mpinzani mmoja tu: Miwani, daktari mwenzangu wa chumba cha picha, anayekodolea kila picha ya kichwa kama kapoteza sindano humo. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Mimi kwenye picha ya kichwa naangalia fuvu na ubongo, basi. Mengine mapambo.

Jumanne, 4 Machi
Mama mkwe kajigonga kwenye kona ya kabati! Kapigwa picha ya kichwa. Nikaiwahi kabla Miwani hajavuta kiti. Fuvu zima, ubongo salama. Nikaandika: hakuna tatizo.
Nikampelekea habari njema wodini. Kalalia shavu la kulia, jicho la upande huo limezama kwenye mto, la kushoto, jekundu, kanielekezea mimi. Akasema, mkwe, sikuoni. Mbele ya wauguzi! Najua hajawahi kuniona mtu tangu nioe, lakini leo? Nikamjibu kwa adabu kwamba wapo wanaoniona. Nikaondoka na hasira zangu.

Jumatano, 5 Machi
Nimepigwa na butwaa.
Miwani kapitia picha yangu. Nani kamtuma? Akaniuliza jicho la kushoto nimelionaje. Nikasema jicho ni jicho. Akaonyesha kwa kidole: la kulia duara kamili, la kushoto limebonyea kama mpira uliopungua upepo. Limepasuka kwa nyuma, akasema. Kisha akauliza, mgonjwa hakusema haoni?
Alisema. Aliniambia mimi, nami nikanuna!
Kakimbizwa kwenye upasuaji. Mke wangu kakaa mlangoni. Naogopa kweli. Mama wa watu apofuke kwa kiburi changu?

Ijumaa, 7 Machi
Jicho limeshonwa. Daktari wa macho kasema wangechelewa zaidi lingetolewa. Naibu ni Miwani. Amri yake ya kwanza: kila kichwa, tuanze na macho. Ana maringo huyu!

Jumatatu, 17 Machi
Bendeji imetolewa, ukungu umepungua. Nikawahi wodini kabla Miwani hajafika, nikamsimulia mama mkwe jinsi mimi mwenyewe nilivyogundua jicho lake limepasuka, kwa umakini wangu. Mke wangu akageukia dirishani. Mama akanikazia macho yote mawili. Kisha akasema taratibu, mkwe, sasa nakuona vizuri sana.
Machozi yakanitoka. Miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri neno hilo tu.