Ombi la Kuondolewa Baraka kwenye Tangi la Maji

Kwa Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za parokiani? Sisi vibarua wa kambi iliyo nyuma ya kanisa hatujambo, ila tunanuka.

Baba, ulipokuja kutubarikia kambi tulifurahi sana, maana wengine kwetu ni mbali na hatuna wa kutuombea. Kosa ni la mfuniko. Tangi letu lilikuwa wazi, ukanyunyiza, matone yakaingia. Mama Mpishi akaona. Tangu hapo anasema maji yote ni ya baraka, na kwa kuwa bomba hulijaza tangi kila asubuhi kabla maji hayajapungua hadi nusu, ya zamani huyabariki mapya, na baraka haitaisha mpaka Kristo arudi. Maji mengine hatuna. Kwa unyenyekevu nalalamika hivi:

1. Hatuogi. Mama Mpishi hukaa mlangoni pa bafu na mwiko. Nilipomsihi alinijibu, “Mwanangu, utayapitisha maji ya Mungu kwenye hayo makwapa?” Nikarudi na ndoo yangu, maana makwapa nayajua.

2. Seremala peke yake, kwa kuwa Yesu naye alikuwa seremala, aliruhusiwa kunawa miguu juu ya kopo la maua, ili maji yasiende mtaroni. Maua yamestawi, na sasa anataka tumwamkie shikamoo, wakati mimi ni mkubwa kwake.

3. Maharage yanapikwa kwa maji hayo hayo. Tunasali kabla ya kula na baada ya kula, sawa. Lakini tumbo likijaa upepo tunabana mpaka macho yanatutoka, kwa sababu hatujui kama upepo huo nao una baraka. Tunaomba mafundisho.

4. Msimamizi wa kazi, ambaye si Mkatoliki, alichota ndoo akakorogea saruji ya kupiga lipu choo. Sasa choo ni kitakatifu. Tunaingia tumevua kofia na kutoka kinyumenyume, na mwenye kuharisha hapati muda wa kupiga goti.

5. Hili ndilo linaloniuma. Jumapili mwashi mwenzangu anabatizisha mwanawe wa kwanza, na amenichagua mimi niwe baba wa ubatizo. Maishani nimekabidhiwa sururu, koleo na toroli, mtoto, sijawahi. Mkewe amesema kwa harufu hii simgusi mwanawe, atatafutwa mwingine.

Kwa hiyo naomba uje uiondoe baraka, au utupe kibali cha kuoga japo kuanzia magotini kushuka chini.

Nisalimie katekista, masista, wanakwaya wote, na yule mzee wa mlangoni pa kanisa aliyetuwekea benchi letu nje.

Ni mimi mwanao, ninayeandika nikiwa nimejiweka mbali na karatasi,
Mbeba zege

Nyongeza: Katekista amepita sasa hivi. Anasema kwa kuwa paa la kanisa tumelibomoa ili tuezeke upya, ubatizo utafanyika hapa kambini, kwa maji ya tangi letu. Baba, usiondoe chochote. Naomba tu ummiminie mtoto maji bila kubania, nami nitamkumbatia kifuani, kichwa kikielekea kwapani. Mama yake nimemwahidi kwamba mpaka kufika Amina nitakuwa nimetakata. Amecheka, akakubali.